Risala ya Ghorofa ya Tatu Kuhusu Dada Aliyesema Hapana

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wetu wa bodi: yule uliyemkuta pale mlangoni akimfokea mlinzi, "Hiyo sare nimekushonea mimi kwa mikono yangu, leo unanizibia ngazi nayo!" si mgonjwa wala si adui wa kampuni. Ni jirani yetu wa chini, fundi cherehani. Na mlinzi aliyekuwa akimjibu, "Mama, wewe pita hata mara mia, huyo uliyemshika mkono ndiye hapiti," naye si mtu mbaya. Ni mtu wa amri tu. Wanagombana hivyo tangu mwezi uliopita. Asubuhi wanaanza, mchana wanapumzika wapate maji ya kunywa, jioni wanaagana kwa heshima zote na kuulizana hali za watoto. Kama walikuchelewesha, tunaomba radhi kwa niaba yao.

Huyo aliyeshikwa mkono tutamfikia. Yeye ndiye aliyetusimamisha mbele yako, ingawa hajui kwamba tumemwandika.

UKARIBISHO

Sisi wafanyakazi wa ghorofa ya tatu, yaani watengeneza programu, wachora kurasa, wapokea simu za wateja, mhasibu, na mama anayetusafishia meza na kutusikilizia siri zetu, tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu. Tumeelekezwa tukukaribishe na kwa tabasamu pia. Haya unayoyaona tuliyafanyia mazoezi jana chini ya Mlezi wa Furaha, ambaye zamani aliitwa afisa utumishi na alikuwa mtu wa kawaida kabisa. Ukiona mtu ametabasamu upande mmoja tu, usimhukumu. Alikuwa amekwenda msalani tulipofika upande wa pili.

Ipo risala nyingine, mgeni rasmi. Ile ilipitishwa na uongozi, ina picha za rangi, na neno "asante" linatokea kila mstari. Tumekuwekea nakala mezani uondoke nayo. Hii tunayokusomea tumeiandika sisi wenyewe jikoni, tumejazana kama nguo sandukuni, kwa sababu jikoni ndipo mahali pekee katika kampuni hii palipobaki na mlango.

Kaka Mkubwa, yaani mkurugenzi wetu, tunakuomba ukae. Tunajua umetuzoesha vikao vya kusimama, lakini hiki kaa. Na Mlezi wa Furaha akianza kukohoa, aliye karibu ampe maji.

HISTORIA YETU

Kampuni hii ilianzia chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya umeme. Walikuwa wachache: mkurugenzi, mhasibu, kijana mmoja aliyekwisha kwenda zake, na dada mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuharibu. Tunasema kuharibu kwa heshima. Wenzake wakitengeneza programu, yeye anaikalia kitako na kuisumbua. Anabonyeza pasipobonyezwa, anaandika jina mahali pa tarehe, anazima simu katikati ya kazi, anawapa wanawe pacha waigombanie. Ikifia mikononi mwake, haitafia mikononi mwa mteja. Basi anageuza kiti, anasema neno moja, "Hapana," na programu inarudi kwa waliotengeneza. Ndiyo maana tukamwita Dada Hapana. Miaka yote hiyo jina lile lilikuwa sifa.

Mkurugenzi naye wakati huo alikuwa anaitwa mkurugenzi. Alikuwa na chumba chenye mlango, na akikasirika aliufunga kwa kishindo, sote tukajua leo tutembee vipi. Mgeni rasmi, tulikuwa kwenye neema na hatukujua. Kisha akaenda semina.

Alirudi na viatu vyeupe na habari kwamba sisi si kampuni tena, sisi ni familia. Yeye tumwite Kaka Mkubwa. Mafundi wakaja wakang'oa milango yote, kwa maana mlango wa kiongozi wa kisasa uko wazi wakati wote. Ni kweli uko wazi, kwa sababu haupo. Ukiwa na jambo la siri unamwambia mbele ya ghorofa nzima, na chini kwa fundi wanakutikisia kichwa cha pole. Matokeo yake hakuna tena mtu mwenye jambo. Viti navyo vikaondolewa, yakaletwa magunia laini ya kukalia. Mhasibu wetu, mama mwenye mwili wake na heshima zake, alilikalia la kijani siku ya kwanza, akazama, akavutwa na watu wawili huku akisema, "Mniache, nitafanyia hesabu humuhumu."

Familia tunaijua, sote tumetoka kwenye familia. Kwenye familia mtu hapitii kwanza muda wa majaribio. Shangazi yako hakutumii ujumbe Jumapili asubuhi kukuuliza umefikia wapi, halafu amalizie na picha ya ua. Na kwenye familia tulizotoka sisi, mtu akisema ukweli atagombezwa, atanuniwa, ataitwa mdomo mchafu, lakini hapokonywi ufunguo wa nyumba.

Semina ile ilitupatia pia utaratibu unaoitwa Ndiyo Tatu, na hapa tunaomba utusikilize vizuri, maana bila huu hutaelewa yanayofuata. Ukitaka kupinga jambo kikaoni, sharti uanze na ndiyo ya kumshukuru mwenye wazo, kisha ndiyo ya kulisifu wazo, kisha ndiyo ya kuliongezea chako. Baada ya hapo unaruhusiwa kuwa na shaka, kama bado unayo. Mgeni rasmi, jaribu siku moja nyumbani. Mtoto akuambie, "Baba, nataka kupanda juu ya paa." Wewe umjibu, "Ndiyo mwanangu, asante kwa kutushirikisha. Ndiyo, paa letu zuri. Ndiyo, na pengine tungeweza pia..." Ukifika hapo mtoto yuko juu. Hapa kwetu kwa kawaida hata ndiyo ya pili haifiki mwisho. Kaka Mkubwa anakuwa ameshapiga makofi, na makofi yakilia jambo limepita.

MAFANIKIO

Mafanikio ni mengi. Tangu semina hakuna malalamiko hata moja. Sanduku la maoni liliondolewa, ukaletwa ukurasa wa maoni ya siri kwenye kompyuta, ambao ili uufungue unaandika jina lako kamili, namba ya simu na jina la aliye juu yako. Maoni ya mwisho kupokelewa yalisema, "Asante kwa ukurasa."

Katika michezo, Kaka Mkubwa hajawahi kushindwa kwenye ile meza ya mpira aliyotuletea baada ya semina. Kijana mmoja wa mitambo aliwahi kujisahau akamshinda. Yuko salama, hana jeraha, anapanga nyaya kule stoo na anawasalimu.

Vikao vyetu vya asubuhi ni vya kusimama ili viwe vifupi. Ufupi bado tunautafuta. Mpokea simu mmoja ambaye ni mjamzito aliomba kiti, akaruhusiwa akae, ila akaombwa akae kwa moyo wa kusimama. Tulijaribu kumsaidia kuelewa maana yake, tukashindwa wote.

Kuna na mafanikio yanayohusu suruali, lakini hayaeleweki mpaka tupite kwenye changamoto. Tunayasogeza mbele.

CHANGAMOTO

Tumekatazwa neno hili. Tumeambiwa tuseme fursa. Basi tunayo fursa moja, imetukaba koo.

Unajua kwamba tumetengeneza programu ya foleni za zahanati. Mgonjwa akifika anabonyeza kwenye skrini, anapata namba yake, anakaa kwenye benchi mpaka aitwe. Ni kitu kizuri, tumekitolea jasho. Mwezi uliopita daktari msimamizi wa zahanati hizo alikuja kuiona. Mama mfupi, mtulivu, mkoba wake ameukumbatia kifuani kama amebeba mtoto. Kaka Mkubwa akaonyesha picha, akaonyesha mishale, akaonyesha rangi. Daktari akauliza swali moja tu:

"Hii iko tayari?"

Kaka Mkubwa akatugeukia, akainua mikono kama kiongozi wa kwaya. "Familia?"

Tukaitika kwa sauti moja, "Ndiyo!"

Hatutaki kukudanganya, mgeni rasmi. Tulitazama viatu vyetu tukiitika. Kila mmoja alikuwa anatoa ile ndiyo ya kwanza, akitegemea mwenzake atafika ya tatu.

Daktari akatupitia na macho mpaka pale nyuma. "Na wewe dada, mbona kimya?"

"Mimi ndiye niliyeipima, daktari," akasema Dada Hapana.

"Enhe. Unasemaje?"

"Hapana. Haiko tayari."

Hata cherehani ya chini ilisimama.

"Ina nini?"

"Watu wawili wakibonyeza kwa pamoja, inawapa namba moja. Mmoja ataitwa, aingie, atibiwe. Wa pili akienda kuuliza, ataambiwa namba yako ilishaitwa, ulikuwa wapi? Sasa huyo wa pili akiwa ana homa, au amebeba mtoto, atakaa pale anasubiri namba ambayo imeshapita."

Kaka Mkubwa akacheka kwa nguvu. "Huyu dada yetu ana utani huyu! Dada, na zile ndiyo tatu zetu je?"

"Nimezitafuta, kaka. Sikupata hata moja."

Daktari alisimama, akasema, "Mkimaliza, niiteni." Akiwa anatoka, humu ndani alimpa mkono mtu mmoja tu.

Daktari alipofika barabarani, Mlezi wa Furaha alimwita Dada Hapana kwenye magunia. Kwa kuwa milango haipo, tulisikia yote bila kutaka. Au tuseme ukweli, tulitaka.

"Dada, umeiumiza familia."

"Familia ipi? Hii iliyokaa kwenye magunia au ile itakayokaa kwenye benchi?"

"Usinijibu hivyo. Sisi wengine tulijisikiaje?"

"Ninyi mlijisikia vibaya dakika chache. Poleni. Lakini pale ukutani si mmeandika kwa herufi kubwa, Sema Ukweli?"

"Pameandikwa, dada yangu, lakini pale ni pa kupigia picha."

Siku hiyohiyo akapumzishwa. Hakufukuzwa, maana familia haifukuzi. Alipumzishwa atafakari. Kadi yake ya mlangoni ikazimwa, mlinzi akapewa amri asimpandishe. Na leo jioni, ukishaondoka wewe na msafara wako, kuna kikao cha familia kuhusu yeye. Ajenda hatukupewa. Lakini keki imeshaletwa, iko jikoni tulimokuwa tunaandika hii, na juu yake pameandikwa kwa sukari, "Nenda Ukang'ae."

Hiyo ndiyo fursa yetu, mgeni rasmi.

Sasa tumalizie yale ya suruali. Dada Hapana hakuweza kwenda nyumbani, kwa sababu nyumbani yuko mama mkwe wake, na mama mkwe huyo tangu zamani anasema kazi ya kukaa na kompyuta si kazi. Akisikia mkwewe amepumzishwa, mtaa mzima utajua kabla maji hayajachemka. Kwa hiyo kila asubuhi dada anavaa nguo za kazi, anawaaga pacha wake, anakuja mpaka hapa mlangoni, kadi inakataa, anageuka anaingia kwa fundi. (Mama mkwe haishi mbali. Tunaomba hili libaki humu.) Fundi alimpa kiti, kiti cha kweli chenye miguu, akamwambia, "Kaa hapa. Wakiuliza, unanivutia uzi."

Sisi huku juu bado tulikuwa na programu ya kurekebisha na hatuna wa kutuambia hapana. Tukaanza kushuka mmoja mmoja. Uongozi ukaanza kuuliza, huko chini mnafuata nini? Tukasema suruali zinapunguzwa. Fundi naye si mjinga, akatuwekea sharti: "Mtu asije hapa kuuliza mambo ya kompyuta mikono mitupu. Njoo na nguo, nisionekane naficha watu." Basi kila swali likawa na suruali yake. Mgeni rasmi, tutazame miguuni. Hii si mitindo. Huyu wa dirishani, anayejificha nyuma ya ua la plastiki, alikuwa na maswali mengi kuliko wenzake, na sasa amebakiwa na kaptula.

Kwa njia hiyo ule ubovu umepungua, lakini haujakwisha. Jana alasiri alishuka mtu na suruali ya mwisho. Dada Hapana aliwaita wanafunzi wa fundi, akawaambia wabonyeze pamoja, mmoja huku mmoja kule. Akatazama. Akasema, "Mmekaribia. Hapana."

Na leo wewe umeandaliwa kitufe. Ni kile chekundu juu ya meza, chenye utepe. Tumekitengeneza sisi na kinawaka vizuri sana. Ukikibonyeza, programu inaanza kazi kwenye zahanati zote. Daktari ameambiwa imekwisha. Amekubali kwa sababu ameambiwa kidole kitakachobonyeza ni cha Mwenyekiti mwenyewe, na yeye anakuheshimu.

MAOMBI

Tulikuwa na maombi mengi. Milango, viti, kikao cha kukaa, Jumapili zetu, na kijana wa stoo arudi kwenye mwanga wa jua. Tumeyafuta yote. Tumebakiza moja, usije ukachagua lililo jepesi ukatupigia makofi tukaenda zetu.

Tunaomba Dada Hapana arudishiwe kazi yake leo, kabla ya kikao, kabla ya keki kukatwa. Kadi yake iwashwe, na kiti chake kiletwe.

Tunajua wageni rasmi hujibu kwamba wamesikia na watalifanyia kazi. Kwa heshima zote, tumeshasikilizwa sana katika kampuni hii, masikio yenu tunayajua mpaka hereni. Kaka Mkubwa hapo kando yako atakunong'oneza kwamba huyu dada hana roho ya timu. Muulize hivi: katika watu wote waliokuwa chumbani siku ile, nani aliyemfikiria mgonjwa wa benchi? Akijibu kwa kuanza na ndiyo, msimamishe hapohapo.

Tunajua pia kwamba kwa kusoma haya, wengine wetu keki zetu zinafuata. Mwoka keki wa mtaa huu ana mwaka mzuri. Lakini tumekaa tukapima. Mtu akiondolewa kwa kufanya kazi aliyoajiriwa kufanya, sisi tuliobaki tumeajiriwa kufanya nini? Kupunguza suruali?

Kaka Mkubwa, na wewe tuna neno lako. Hatukuchukii. Wengine tulikupenda zaidi ulipokuwa unafunga mlango kwa kishindo, maana tulijua una hasira na tulijua itapita. Siku hizi unacheka wakati wote na hatulali. Ulipokuwa chumba cha nyuma huna kitu, ni dada huyu aliyekukataza kumpelekea mteja wa kwanza programu iliyooza, mkakesha mkairekebisha, mteja akabaki. Mhasibu alikuwepo. Muulize, yuko hapo kwenye gunia la kijani, hawezi kukimbia.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, Mungu akujalie afya na macho ya kuona mbali, akuwekee watu wachache wa kukukatalia usoni na asikuchoshe nao. Awasaidie wagonjwa walioko kwenye mabenchi wakati sisi tunasoma hotuba. Akimgusa na Mlezi wa Furaha, hatutakataa.

Ni sisi, wafanyakazi wa ghorofa ya tatu, kwa umoja wetu. Mlinzi yumo pia, ila ameomba asitajwe.

Tangazo dogo la mwisho, halafu tunakaa. Ratiba yako inasema baada ya risala ni kitufe, halafu vitafunio vya kampuni vilivyopangwa kwa rangi. Sisi tumepika wenyewe. Kila mtu ametoka na sufuria yake nyumbani, na chakula kimeandaliwa chini kwa fundi, kwa kuwa mwenzetu haruhusiwi kupanda na sisi tumeshindwa kula bila yeye. Fundi ameondoa vitambaa kwenye meza kubwa, ameweka beseni la kunawa. Kiti kilicho karibu na Dada Hapana kiko wazi. Ukikaa hapo, muulize mwenyewe kama programu iko tayari, atakujibu hata kama mdomo umejaa.

Kitufe kitasubiri, hakina njaa. Karibu, Mwenyekiti. Ngazi ni hizo, sufuria zimeshafunuliwa. Shuka tukale.